Kipaza na Muswada wa Wasio na Karatasi

Watu walimwita Kipaza, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza jina lake la kweli, jambo ambalo lilimfaa sana. Kazi yake ilikuwa ushereheshaji: harusi, mahafali, ufunguzi wa maduka ya mabati. Popote palipopangwa viti vya plastiki na spika mbili, alikuwepo na suti yake ya zambarau, akiwachekesha mawifi mpaka wanasahau kununiana. Lugha ya nchi ile aliimudu kuliko waliozaliwa nayo. Alijua misimu ya vijana, vijembe vya kina mama, na namna wazee wanavyokohoa kabla ya kusema uongo.

Ila hakuzaliwa pale. Aliingia akiwa kijana, nyuma ya lori la vitunguu, kuja kumbebea binamu yake spika. Binamu akahama, spika zikabaki, na Kipaza akabaki nazo. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa amefanya kazi, ameoa na kuzaa katika nchi ile bila karatasi hata moja. Mkewe, Mama Pacha, alivuka mpaka uleule, na karatasi naye hakuwa nazo. Alipiga pasi shuka katika nyumba ya wageni karibu na stendi. Tofauti yao ilikuwa moja tu: mke hakuweza kuficha lafudhi. Akisema maneno matatu, mtu angemuuliza, "Dada, kwenu wapi?" Kwa hiyo mbele za watu alitabasamu tu, na mtaa mzima ukamsifu kwa upole ambao hakuwa nao.

Ndipo ukaja muswada. Serikali ilitaka kuwapa ukaazi halali watu walioishi nchini miaka mingi bila karatasi, na nchi nzima ikageuka bunge. Mwenye nyumba wao aliupinga kwa nguvu zote, ingawa nusu ya wapangaji wake walikuwa haohao, tena ndio pekee waliomlipa bila kusukumwa. Mwenye nyumba ya wageni aliupinga pia: wakipata karatasi, alisema, watataka na likizo. Kinyozi aliuunga mkono mpaka mteja akae kitini, kisha akaunga mkono cha mteja.

Mbunge wa eneo lile, Mheshimiwa, aliandaa mkutano wa hadhara kuupinga, na katibu wake akaja kumwajiri Kipaza.

"Utasimama pale useme nini?" Mama Pacha aliuliza, katibu alipoondoka.

"Nitasema karibu Mheshimiwa, karibuni wananchi. Basi. Kazi ni kazi, mke wangu."

"Na wakisema wageni watoke, utapiga makofi?"

"Nitakuwa nimeshika kipaza sauti. Mwenye kipaza sauti hapigi makofi."

Siku ya mkutano Mheshimiwa alichelewa. Jua likawa kali, watu wakaanza kuinuka mmojammoja. Katibu akanong'ona, "Washike hao, sema chochote." Kipaza akautazama umati, na ulimi wake ukaanza kazi kabla hajauruhusu.

"Ndugu zangu, mgeni mnamjua kwa nini? Mgeni hulipa kodi ya nyumba kabla ya tarehe." Watu wakacheka. "Mgeni akiibiwa, anamwomba mwizi radhi. Akikutana na polisi, anawahi kumsalimia na kumuulizia watoto." Waliokuwa wameinuka wakarudi kukaa. "Wimbo wa taifa sisi tunaishia ubeti wa kwanza. Yeye anazo beti zote, na anaziimba bafuni kwa sauti, majirani wasikie."

Watu walishika mbavu. Mzee mmoja alivua miwani afute machozi. Hawakujua kwamba kila neno lilitoka nyumbani kwake, na kwamba bafu lile lilikuwa lake. Naye, badala ya kuona aibu, aliona raha ambayo hakuwahi kuipata harusini. Mheshimiwa alipofika na kusoma hotuba yake kama mtu anayesoma maelezo ya dawa, umati ulipiga kelele ukimtaka Kipaza arudi.

Kutoka hapo kichwa kikavimba. Redio zikamwita. Akaanza kusema "sisi wenye nchi" hata akiomba chumvi mezani. Mama Pacha alimtazama tu, akamsogezea chumvi.

Kiti cha udiwani kilikuwa wazi katika kata yao, na Mheshimiwa akamwita ofisini. "Wewe ndiye mgombea wetu. Leta nakala ya kitambulisho."

Kipaza akasema kimeungua. Alipoitwa tena akasema kilichoungua ni cha zamani, kipya kimeliwa na panya. Alipoanza habari ya mafuriko, Mheshimiwa akamkatiza.

"Bwana, huna."

"Sina, Mheshimiwa."

Alingoja aitiwe polisi. Mheshimiwa akacheka, akamwagizia chai. "Sasa unatetemeka nini? Wewe si wale. Tunaowasema ni wale wengine. Kitambulisho nitakushughulikia mimi."

"Na mke wangu?"

"Anaongea vizuri kama wewe?"

"Lafudhi inamsumbua kidogo."

"Basi huyo asubiri muswada."

"Huu tunaoupinga?"

"Huohuo. Kunywa chai."

Kipaza akanywa.

Kitambulisho kilipotoka alimpelekea mkewe akione. Mama Pacha akaitazama picha. "Umetoka vizuri," akasema, akarudi kwenye nguo zake.

Uchaguzi alishinda kwa kura nyingi. Hoja ya kwanza aliyotumwa kuipeleka kwenye baraza la madiwani ilikuwa hii: kila mwenye nyumba ataje wapangaji wake wasio na karatasi. Alijipa moyo kwamba ni maneno tu, hayatafika popote.

"Mimi nitatajwa na nani?" Mama Pacha alimuuliza jioni hiyo. "Na wewe, au na mwenye nyumba?"

"Hiyo ni siasa. Wewe huielewi."

"Naielewa. Naipigia pasi kila asubuhi."

Hakununa, wala hakulia. Alifungasha nguo zake na za watoto, akahamia kwa shoga yake, mpishi wa nyumba ya wageni.

Haukupita muda, wajumbe wa Bunge wakaja kukusanya maoni katika ukumbi wa kata. Diwani, kwa sababu ya kipaji chake, ndiye aliyekabidhiwa kuendesha mkutano. Mwanamke mmoja akanyoosha mkono kule nyuma. Kipaza akajifanya hakumwona. Kiongozi wa wajumbe akamwona.

"Karibu, mama."

Alisema kwa lafudhi yake yote, bila kuipunguza. "Mimi napiga pasi. Sina karatasi. Nimekaa hapa nusu ya maisha yangu, sijaiba, sijaghushi. Mume wangu ndiye huyo aliyeshika kipaza sauti. Tulikuja wageni wawili, yeye akapewa kitambulisho kwa kuwachekesha. Na mimi naomba changu, ila kuchekesha sijui."

Ukumbi ukacheka kuliko ulivyowahi kumchekea Kipaza.

Alasiri hiyohiyo Mheshimiwa alitangaza redioni kwamba chama kimetapeliwa na mgeni, na kwamba hatari aliyokuwa akiisema sasa imeonekana. Kipaza alivuliwa udiwani, akanyang'anywa kitambulisho. Nani alimpatia, hakuna aliyeuliza.

Muswada ulipita kwa tofauti ya kura chache. Mheshimiwa, aliyeapa kuuzuia kwa mwili wake, wakati wa kupiga kura alikuwa nje anapokea simu. Sharti lilikuwa moja: mwombaji asiwe amewahi kutumia kitambulisho cha udanganyifu. Mama Pacha akapata ukaazi. Kipaza akakataliwa palepale dirishani. Afisa akamwonea huruma, akamwambia njia iliyobaki ni kuomba kama mtegemezi wa mkewe, mke akikubali kumdhamini.

Akaenda nyumba ya wageni, akamkuta katika chumba cha pasi, amezungukwa na shuka. Njia nzima alikuwa ametunga hotuba. Haikutoka.

"Wanataka saini yako," akasema.

"Nimesikia."

"Nilikuacha nje, nikaingia peke yangu."

Mama Pacha akaweka pasi pembeni, akamrushia ncha ya shuka. "Shika huko."

Wakaikunja. Wakakunja na nyingine, na nyingine, mpaka watoto wakarudi shule, na kuhusu saini hakuna kilichosemwa. Aliitoa baadaye, siku aliyoipenda mwenyewe. Afisa alipouliza mwombaji anafanya kazi gani, Kipaza alifungua mdomo, lakini mkewe alimwahi.

"Andika: msaidizi wa kufua."

"Si alikuwa diwani huyu?"

"Alikuwa," Mama Pacha akasema, akapokea kalamu.