Zamu Isiyopigwa

Niliacha shule kidato cha pili, mwaka tuliozika wazazi wote wawili, mama kwanza, baba miezi michache baadaye. Nyuma yangu walikuwepo watatu. Baba alipiga saksafoni katika bendi iliyofanya mazoezi ghorofani, Kariakoo, juu ya maduka ya vitenge. Alipokuwa hai hakupenda tufike pale. Alipokufa wenzake walinipa kazi ya kufagia ukumbi. Bendi yao haikudumu, lakini nyingine zilikuja, nami nikaendelea kufagia na kujifunza gitaa la besi. Wadogo zangu wamesoma mpaka mwisho.

Ndiyo maana nilisita nilipoombwa kuwafundisha walimu wa muziki wa sekondari namna ya kuongoza bendi za jazi za wanafunzi. Walikuwa watano, wote na vyeti vyao, wote wamelelewa na kwaya. Walipunga mikono tangu mwanzo hadi mwisho, na wanafunzi waliitazama mikono badala ya kusikilizana. Nikawapa zoezi moja: anzisha wimbo kwa kutikisa bega, halafu toka, simama ngazini. Bendi ikianguka ukiwa nje, bado hujaifundisha.

Mmoja wao, binti mdogo kuliko wadogo zangu wote, alikuwa na la kupoteza. Mkuu wa shule yake alishamwambia kwamba Ijumaa angekuja kusikiliza, na kama bendi haiwezi kumaliza wimbo mmoja, vyombo vingepelekwa shule nyingine. Akawa analeta wanafunzi wake ukumbini kila siku saa tisa mchana. Niliwafundisha wimbo wa bendi ya baba kama nilivyoujua. Katikati, vyombo vya kupuliza vinanyamaza, besi na dramu zinabaki peke yake, tunahesabu nne mara nane, kisha wote wanarudi.

Hapo katikati ndipo walipoanguka kila siku. Siku ya kwanza niliwaona wote wakigeuza shingo upande mmoja, kushoto kwa dirisha, mahali ambapo hapakukaa mtu. Wa dramu alipunguza mwendo kama anayempisha mtu mlangoni. Kelele za wachukuzi barabarani nilizisikia kwa mbali, kana kwamba zimehamia mtaa wa pili.

"Mnaangalia nini?" mwalimu akauliza.

"Madam, huyu wa dramu anaogopa giza mchana," mmoja akasema.

"Mwongo huyo. Mbona wewe umehamisha kiti?"

Msichana wa tarumbeta hakucheka. "Madam, pale kuna mtu anavuta pumzi. Kama anataka kupuliza. Halafu hapulizi."

Nikasema ni feni. Feni ilikuwa haizunguki, na sote tulikuwa tunaiona.

Kesho yake mwalimu alijaribu kupaziba kwa makofi. Wakaanguka vibaya zaidi. "Dada, tuitoe hiyo sehemu," akaniomba.

"Wimbo ndivyo ulivyo," nikamjibu. Sikuyumba. Kwa kutoyumba ndivyo nilivyowalea watatu.

Alhamisi alikuja mpiga dramu wa zamani wa bendi ya baba, mzee anayekaa Upanga kwa mwanawe. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba mdogo," akaninyamazisha kwa kidole mpaka wimbo ulipoanguka.

"Marahaba. Nani kakwambia uwafundishe watoto hivi?"

"Si ndivyo mlivyokuwa mnapiga?"

"Wakati wa msiba. Mtu wa bendi akifa, zamu yake katika wimbo tunaiacha wazi siku arobaini. Ya arobaini mwenzake anaipiga, anaifunga, basi. Ya baba yako hatukuifunga. Tuligombana, bendi ikavunjika kabla." Akanitazama. "Wewe ulianza kufagia humu lini?"

"Wiki ile ile tuliyomzika."

"Basi hujawahi kuusikia wimbo huu mzima, mwanangu."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeshika zamu ya baba bila kujua, na sasa nilikuwa nimewatwisha watoto wa watu. Nakiri nilitaka kuiacha hivyo hivyo. Lakini mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akinisubiri niseme neno.

"Mpe mtu zamu ile," nikamwambia. "Usimnyooshee mkono. Mtazame tu, kisha toka."

Ijumaa mkuu wa shule alikuja na wageni wawili. Mwalimu alianzisha kwa bega. Ilipofika katikati alimtazama msichana wa tarumbeta, akafungua mlango, akatoka. Nikasikia pumzi ikivutwa. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa ya msichana. Kisha tarumbeta ikalia, sauti chache, moja imepotea njia, na hakuna aliyegeuza shingo.

"Mwalimu wao kaenda wapi?" mkuu akaninong'oneza.

"Yuko ngazini."

"Sasa nani anaongoza?"

Bendi ilifika mwisho bila kuanguka, na vyombo vilibaki shuleni kwao.

Wageni walipoondoka nilimwomba msichana aipige tena sehemu ile. Akaipiga. Nilisogea kushoto kwa dirisha nikasikiliza kwa makini yangu yote. Nilisikia wachukuzi tu, karibu kabisa, wakiomba njia ya mkokoteni.