Maoni Yangu Kuhusu Daktari na Muuza Supu

Mimi shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo anayesoma daftari hili asitarajie makubwa. Naandika ili nisijidanganye. Jambo likikaa moyoni mtu hulipamba. Akiliandika, kesho yake analiona lilivyo.

Mwaka huu nilipasuliwa goti, nikakaa nyumbani Farsta, hapa Stockholm, wiki nyingi bila kwenda kazini kusafisha mabehewa. Mke wangu Jumamosi huwa zamu kwenye nyumba ya wazee. Tukawa tunabaki mimi na binti yetu. Amezaliwa hapa, ana miaka kumi na tisa, na ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi. Si kiburi. Nimelifikiria sana hilo, naona nusu ya kosa ni langu: alipokuwa mdogo nilikuwa napenda akinifundisha Kiswidi. Mwezi wa nane anahamia Umeå kusoma. Huko unapanda treni asubuhi, unashuka alasiri.

Jumamosi moja aliunganisha laptopu yake na televisheni, akawa anatazama tamthilia ya Thailand. Kuna daktari wa meno na kijana anayeuza supu ya tambi. Maandishi ya Kiingereza yalikuwa yanapita chini, lakini mimi nasoma kama mtu anayechambua mchele: nikifika neno la tatu, ungo umeshaondolewa. Nikamwambia, "Mama, niambie basi wanasema nini."

Akaguna. Kisha akaanza, kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayepita juu ya barafu. "Anasema supu ina chumvi sana. Lakini kesho atakuja tena."

"Kama ina chumvi, kesho anafuata nini?"

"Baba. Tazama tu."

Alichokuwa anafuata nilikijua sehemu ya tatu. Mvua ilikuwa inanyesha, daktari akaja mbio mpaka dukani, wakabusiana, wanaume wote wawili. Mimi nikatazama kikombe changu cha chai. Binti akanitazama mimi. Nilijua anasubiri neno, nikasema nilichokiona: "Hajafunga mlango yule. Mvua yote inaingia kwenye sufuria."

Alicheka mpaka akateremka kwenye zulia.

Sitaki kujisifu hapa. Nilishtuka. Dini yangu naijua na sijaibadilisha, na alasiri ile niliswali nikiwa sijui hasa niombe nini. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye sofa kabla yake.

Nikaanza kuandika maoni. Daktari: anajua kusikiliza, ana adabu kwa bibi mzee wa yule kijana. Ila anakula na kuacha bakuli hapo hapo, na kuhusu safari yake alidanganya. Muuza supu: mchapakazi, anaamka alfajiri. Ila anawanunia watu bila kuwaambia kosa lao. Kila mtu nilimwandikia pande zote mbili, hata yule mpenzi wa zamani wa daktari ambaye binti hataki kumwona. Kwangu mimi, yule ana mama mgonjwa, na hilo lazima liandikwe.

Binti alinisomea pia maoni ya watazamaji wengine mtandaoni. Ni vita. Mmoja wa Brazil alitaka daktari afukuzwe kazi. Mwingine akamwambia wa Brazil kwamba hajawahi kupendwa, ndiyo maana. Nikasema, hebu waandikie na langu: hawa wanateseka kwa kukosa mshenga. Mimi hapa Stockholm nimewapelekea posa vijana watatu, na zote zilijibiwa kabla chai haijapoa. Tamthilia ya sehemu kumi na mbili ingeisha ya pili. Akaandika kwa Kiingereza, akaeleza na mshenga ni nani. Mtu wa Manila akajibu: huyo baba yako anaazimwa?

Sasa niandike panaponiuma.

Tulikuwa katikati ya sehemu ya nane rafiki zangu wawili walipokuja kunijulia hali. Mmoja tunamwita Injinia, Mtanzania mwenzangu. Alikuja zamani kusoma, sasa amestaafu, anakaa Tumba. Wa pili ni Mkenya wa Mombasa, dereva wa basi. Binti alikuwa jikoni anachemsha chai, na picha ameiacha imesimama: nyuso mbili, pua karibu zigusane.

Injinia akavaa miwani. "Hii nini?"

"Ya mtoto hiyo," nikasema. "Takataka zao. Mimi nilikuwa nimesinzia."

Binti alikuwa mlangoni na sinia. Akapanga vikombe, akasema "Karibuni" kwa adabu zote, akachomoa waya, akaenda na laptopu yake chumbani.

Jumamosi iliyofuata nikamgongea. "Sen," akasema, yaani baadaye. Jumamosi ya pili, "Sen." Nikajaribu kutazama peke yangu kwenye simu. Niliamini bibi amekufa, nikamlilia kidogo, na dakika kumi baadaye akatokea anakula embe. Kumbe alikuwa ameuza duka tu. Nikazima. Zilikuwa zimebaki sehemu nne na nusu, mwezi wa nane ulikuwa unakuja, na ile saa ya Jumamosi ndiyo pekee ambayo mwanangu alikuwa akizungumza nami kwa lugha yangu.

Nikaenda mlangoni kwake nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa Kiswidi. Alisema mimi sikumdanganya yeye, niliwadanganya wao. Kwa hiyo niwaambie wao.

Nikabadilisha treni nikiwa na gongo langu mpaka Rissne, kwenye chumba cha chini ya jengo tunapokutana kunywa kahawa. Wote wawili walikuwepo.

"Ile tamthilia naitazama mimi," nikasema kabla sijakaa. "Tangu sehemu ya kwanza. Sikusinzia hata mara moja."

Mkenya alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. "Wee mzee! Kwani una nini wewe?"

Injinia hakucheka. "Bwana, unajua wale wawili wanafanya nini?"

"Najua. Mmoja anauza supu, mwingine anang'oa meno."

"Usinifanyie mzaha."

Akasema baba ni bawabu wa nyumba. Kinachoingia kwa televisheni kimeingia kwa mlango, na siku ya kiyama ataulizwa bawabu. Nimeyaandika kama alivyoyasema, maana hakuyasema kwa chuki, na jibu la kumtosha sikuwa nalo. Sina hata leo. Nilimwambia tu kwamba binti yangu anaondoka, na wale vijana wawili ndio wanaomfanya azungumze nami.

Mkenya akafuta shati, akauliza. "Lakini huyo daktari, si atume mtu tu?"

"Ndiyo maoni yangu!" nikasema.

"Sasa nani atume kwa nani? Hapo pande zote mbili ni za bwana harusi."

"Mwenye duka hatoki," akasema Injinia, anakoroga kahawa isiyo na sukari. "Mwenye duka hufuatwa. Daktari atume, posa ipokelewe kwa kijana. Baba yake yupo?"

"Alifariki. Kuna bibi."

"Basi bibi, na mjomba akae pem—" Akajikatiza hapo hapo. Akatutazama kama sisi ndio tuliosema. "Astaghfirullah!" Akachukua koti, akatoka bila kuaga. Lakini kwa haki, treni ya Tumba haimsubiri mtu. Naandika yote mawili.

Niliporudi niliandika, kisha nikamsomea binti kurasa hizi nikiwa nimesimama mlangoni kwake, maana sikukaribishwa ndani. Nilisoma maneno ya Injinia yote, na pale nilipokosa jibu nikapasoma pia. Nikaungama na kwamba nilitangulia kutazama, ila sikuelewa kitu, kwa hiyo pengine haihesabiki.

"Injinia amekukasirikia?" akauliza. Kwa Kiswahili.

"Sijui. Hajapiga simu."

Akainuka, akachukua waya.

Alikaa mwisho kabisa wa sofa, akawa ananitafsiria kwa nusu mdomo. Daktari akaenda kwa bibi na kapu la matunda, akapiga magoti. Bibi akasema, akasema, karibu dakika nzima, machozi yanamtiririka.

"Amekataa," akasema binti.

"Maneno yote yale ni amekataa?"

Akanitazama. "Ngoja, baba." Akairudisha nyuma, akasogea karibu nami, akaanza upya tangu neno la kwanza la bibi.