Kisigino na Viatu vya Mnada

Mtaani kwao hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Huitwa Kisigino, na jina hilo amelipata kihalali: kwa miaka ishirini na sita ya kutengeneza viatu amejijengea mazoea ya kumtazama mtu kisigino kabla ya uso, na salamu yake hutegemea alichokiona huko chini. "Habari za mgongo?" humuuliza mpita njia, naye mpita njia, ambaye hajamwambia mtu yeyote kwamba mgongo unamsumbua, husimama ameduwaa. Soli iliyolika upande mmoja, kwa maelezo ya Kisigino, haijui kutunza siri.

Kibanda chake kimebanwa kati ya duka la kutoa nakala na saluni. Upana wake humtosha fundi mmoja na robo tatu ya mteja. Robo inayobaki husimama barabarani. Ukutani zimepangwa kalibu za mbao, yaani maumbo ya miguu ambayo ngozi huvutwa juu yake ili kiatu kipate sura, nazo alizirithi kwa mjomba aliyemfundisha kazi. Mkewe ni karani wa zahanati, mwanamke ambaye riziki yake ni kusoma fomu za watu hadi mstari wa mwisho. Tofauti hii ya tabia ndiyo iliyozaa mkasa ninaousimulia.

Mama mkwe wake alikuwa msimamizi wa chumba cha kufungashia katika kiwanda cha sabuni, na hata baada ya kustaafu amebaki kuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama wa kiwanda hicho. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa ya binti yake aliamini, bila kuficha, kwamba binti huyo ameolewa na nyundo. Ndipo kwaya ikaalikwa kwenye mashindano ya kwaya za viwanda, kwa sharti kwamba waimbaji wote wavae viatu vyeusi vya kufunika, vinavyofanana. Wenzake walitaka kwenda duka kubwa. Mama mkwe alisimama katikati ya kikao akasema, "Kwa nini twende mbali? Mkwe wangu ni fundi. Atatuletea."

Kisigino alipopelekewa habari hiyo na mkewe, alimwomba airudie mara tatu.

"Amesema mkwe wangu, au amesema yule bwana?"

"Mkwe wangu."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu ishirini na wanne. Sasa na wewe usinitie aibu."

Jozi ishirini na nne, basi, na mwezi mmoja wa kuzitafuta. Kisigino aliingia kwenye mnada wa mtandaoni, ambako alikuwa na mazoea ya kuwinda nyundo kuukuu, na siku ya pili akakutana na tangazo lililomfanya aweke simu chini, afute mikono kwa kitambaa na kuishika upya. Viatu arobaini na vinane vya kike, vyeusi, ngozi halisi, sampuli za dukani, havijavaliwa hata siku moja, namba thelathini na saba hadi arobaini na moja. Bei ya kuanzia ilikuwa ndogo kuliko bei ya gundi ambayo ingetosha kuvibandika soli.

Jioni alimwonyesha mkewe picha. Mkewe aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama kama anavyotazama fomu isiyo na sahihi.

"Mbona vyote vinaangalia upande mmoja?"

Kisigino alicheka kicheko cha mwalimu. "Mke wangu, hii ndiyo dalili ya muuzaji anayeijua kazi. Duka lolote la maana halianiki jozi nzima. Linaanika mguu mmoja tu, na mwenzake anakaa stoo. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Mwizi akipita, ataiba mguu mmoja aende nao wapi?"

"Na wanaosema arobaini na vinane, wamehesabu vilivyoanikwa au na vya stoo?"

"Wamehesabu viatu. Arobaini na vinane gawa kwa mbili ni ngapi?"

"Na mbona hakuna mtu mwingine anayevitaka?"

"Hawajui ngozi."

"Kizuri chajiuza, baba. Kibaya chajitembeza."

"Na hiki hakijitembezi. Kimekaa kimya pale pale, kinanisubiri mimi."

Kesho yake mchana alikaa kibandani na simu mkononi hadi mnada ulipofungwa. Katika dakika za mwisho dau lilipanda mara tatu, naye akapambana kiume, jasho likimtiririka. Msusi wa saluni ya jirani, aliyekuwa akichungulia begani kwake, ndiye aliyegundua kwamba aliyekuwa akipandisha dau ni yeye mwenyewe: kidole gumba chake kilikuwa na gundi, kikawa kinanata kwenye kitufe. Hata hivyo alishinda, na kwa kuwa hapakuwa na mpinzani mwingine, alishinda kwa kishindo.

Mzigo ulifika zikiwa zimebaki siku kumi na moja. Aliufungulia nyumbani, mkewe akiwa ameketi kando na daftari la namba za miguu ya waimbaji. Kisigino alitoa kiatu cha kwanza, akakinusa, akakikunja, akaridhika. Ngozi ilikuwa halisi kweli. Akatafuta mwenzake.

"Cha kushoto," alisema mkewe.

"Nimekiona."

"Na hicho cha kushoto."

"Vya kulia vitakuwa chini. Vizito hukaa chini."

"Tangu lini mguu wa kulia ukawa mzito?"

Alipofika kiatu cha kumi na saba alianza kuvitoa viwili viwili. Alipofika cha arobaini na nane aligeuza sanduku na kulikung'uta, ikadondoka karatasi ya kukausha unyevu. Alimwandikia muuzaji ujumbe mrefu wenye neno "uungwana" mara mbili. Jibu lilikuja baada ya muda mfupi: "Ndugu mteja, tuliuza viatu arobaini na vinane. Je, umepokea pungufu?"

Mkewe aliusoma ujumbe huo mara mbili na, kwa kuwa ni mtu wa haki, akasema hauna kosa.

"Kamwambie Mama," alimshauri. "Leo."

"Nikamwambie nini? Kwamba kwaya yake iimbe kwa mguu mmoja?"

"Mwambie ukweli."

"Miaka kumi na tisa nimekuwa nyundo. Nimekuwa mkwe kwa wiki tatu tu. Niachie kwanza."

Na pesa za kwaya, alizokabidhiwa kununulia viatu, zilikuwa zimekwisha kwenda. Akafanya jambo ambalo fundi mwenye akili timamu halifanyi: aliving'oa soli viatu ishirini na vinne, akailoweka ngozi katika beseni la kufulia, akaivuta kwa koleo juu ya kalibu za mguu wa kulia alizozileta kutoka kibandani na kuigongea misumari, ili ngozi isahau ilikotoka na kujifunza upande mpya. Mkewe alishika, yeye akavuta. Kalibu za kulia zilikuwa sita tu, kwa hiyo viatu vilikauka kwa zamu dirishani. Kisha akavikatia soli mpya. Chumba kilinuka ng'ombe aliyenyeshewa.

Siku ya nne mama mkwe alipita kibandani bila taarifa.

"Hodi, mkwe."

"Karibu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuona viatu."

Kisigino alimvisha cha kushoto, amepiga goti moja, macho yamegota kwenye kifundo. Mama mkwe aliukanyagia mguu sakafuni, akaugeuza huku na huku, akakubali kwa kichwa.

"Kizuri. Na mwenzake?"

"Mwenzake yuko kwenye kalibu, Mama."

"Anafanya nini huko?"

"Anafundishwa."

Mama mkwe alisema fundi ndiye ajuaye kazi yake, akaenda zake. Kauli hiyo ilimuumiza Kisigino kuliko tusi.

Viatu vilikamilika usiku wa kuamkia mashindano. Kwa macho vilikuwa jozi safi, na vilipogawiwa asubuhi nyuma ya ukumbi waimbaji walivisifu. Tatizo lilijitokeza walipoanza kutembea. Ngozi haikuwa imesahau kitu. Kila kiatu kilichobadilishwa kilitaka kuelekea nje, na mwimbaji aliyekusudia kwenda mbele alijikuta akienda mbele na kulia. Safu ya kwanza ilipojaribu kupita kwenye ujia, iliishia ukutani, taratibu, ikiwa na heshima zake.

"Jamani, mnaenda wapi?" aliuliza mama mkwe.

"Tunakuja kwako," alijibu mmoja, akizidi kumpita.

Mkewe alimtazama Kisigino. Kisigino akavua kofia.

"Mama, naomba radhi. Viatu vyote vilikuwa vya kushoto. Nilidanganywa na urahisi, na mwanao alinionya. Nusu yake nimeigeuza, na haijageuka vizuri."

Mama mkwe aliwatazama waimbaji wake, ambao wakati huo walikuwa wamejikusanya kwenye kona moja ya kulia.

"Vinavuta kulia vyote? Hakuna hata kimoja kinachokwenda kushoto?"

"Vyote, Mama. Hapo nilikuwa makini."

Alitafakari kama mtu anayepanga maboksi. Akawageukia waimbaji. "Sikilizeni. Hatuingii kwa mlango wa kati. Tunaingia kwa mlango wa kushoto kabisa. Mtu asishindane na kiatu. Kiacheni kiwapeleke. Tukimaliza ubeti wa pili, tutakuwa katikati."

Ikawa hivyo. Kwaya iliingia kutoka upande mmoja ikiimba, ikateleza kulia hatua kwa hatua, watu ishirini na wanne kwa pamoja, kama droo inayofungwa. Wakati wa kutoka waliendelea kulia hadi wakaishia upande wa pili, ukumbi mzima ukipiga makofi. Walipata nafasi ya pili, na mwamuzi mmoja aliandika kwenye fomu yake, ambayo karani wa zahanati aliisoma hadi mstari wa mwisho, kwamba mwendo ule lazima ulichukua miezi ya mazoezi.

Wiki iliyofuata Kisigino alikwenda kwa mama mkwe, akaomba avichukue viatu hivyo avitengeneze upya, bure, vipate kwenda sawa kama viatu vya watu.

"Usiviguse," alisema mama mkwe. "Tumealikwa mahali pengine, na wametaka tuje na mwendo wetu. Tena wameongezeka waimbaji wawili. Nao watahitaji viatu, mkwe wangu, na visitofautiane na vya wenzao."

Kisigino alinunua jozi mbili dukani, kwa bei kamili, baada ya kuomba aletewe miguu yote miwili kaunta. Ilimchukua siku tatu kuviharibu ipasavyo.