Jaketi la Bosi

Fundi makochi hakuwa mtu wa kubembeleza watu, lakini alimbembeleza baba yake mwaka mzima. Tangu mama afariki, mzee aliishi peke yake ng'ambo ya ziwa, akila anapokumbuka, akishinda anazungumza na mbwa wake, Bosi. Mwishowe alikubali kuhamia "huko kwako", kama alivyopaita, kwa sharti moja: Bosi asipofika, na yeye hafiki.

Nahodha wa boti alishauri mbwa afungwe kwenye benchi. Fundi alikataa katakata; boti ikipinduka, si ndiyo wamemzamisha kwa mikono yao? Akaamua kumshonea jaketi la kuelea. Na kwa kuwa kwake yeye hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa sponji, akalijaza sponji ya makochi, akajisifu, kisha akalijaribu kwenye pipa la maji nyuma ya karakana. Jaketi likanywa maji mpaka likashiba, likazama. Mumewe alicheka hadi akakaa chini. Fundi alinuna, akafumua yote, akajaza upya vipande vya ndala kuukuu, maana ndala hata uitose majini, inaibuka. Mgongoni akashonea mshikio wa sanduku la safari.

Siku ya safari, Bosi alivaa bila ubishi. Mbishi alikuwa mzee. Jaketi alilopewa alilikalia, eti mtu aliyekulia majini hawezi kufungwafungwa kama mzigo. Binti alimeza maneno, mzee asije akashuka.

Katikati ya ziwa, mawimbi ya boti nyingine yakawayumbisha. Bosi akateleza, chubwi! Nahodha akazima injini. Abiria wote wakaanza kumwita, huyu huku, yule kule, na mbwa wa watu akawa anazunguka palepale, hajui amfuate nani. Mzee alishaweka mguu mmoja ukingoni. Fundi akamdaka shati.

"Baba, kaa. Jaketi linamshikilia. Wewe mwite, sisi tunanyamaza."

Akawatolea abiria macho, wakafunga midomo. Mzee akaita kwa sauti ya kila siku, kama anayemwita kula. Bosi akageuka, akaogelea moja kwa moja mpaka ubavuni mwa boti. Nahodha akanasa mshikio kwa mti wake wenye kulabu, fundi akavuta. Mbwa akatua ndani, akajikung'uta, akawalowesha wote. Hakuna aliyelalamika.

Fundi aliachia mshikio. Alikaa, akalia na kucheka kwa pamoja, maana mbwa amepatikana, na baba amepatikana. Mzee alipapasa kichwa cha Bosi, kisha mishono ya jaketi, mmoja mmoja. Halafu akajiinua kidogo, akalivuta lile alilokuwa amelikalia.

"Nifunge," alimwambia binti yake. "Ila hili halina mshikio. Tukifika nyumbani utanishonea."