Makundi ya Safari ya Hokkaido

Safari zote za gofu zilipitia mikononi mwa Sumiko. Alikuwa karani mkuu wa kampuni ya kumwaga zege pale Kawaguchi, mjane aliyepita hamsini, hajawahi kushika fimbo ya gofu maishani. Lakini kila kiangazi ndiye aliyewatafutia wanaume wa kampuni uwanja huko kaskazini, nyumba ya wageni yenye chemchemi ya maji moto, na kaa wa kula jioni. Mwaka juzi Akita, mwaka jana Iwate, mwaka huu Hokkaido kwa ndege. Ndiye pia aliyepanga makundi, wanne wanne, nani acheze na nani, na mwaka huu hilo ndilo lililomtia hofu.

Kwani kule Iwate dereva Shiga alimshinda bosi Negishi kwa tofauti ya pigo moja. Ukicheza na bosi unashindwa kwa adabu, Shiga alijisahau. Nyuma ya miti Negishi alimkanyagia mkono juu ya jiwe, akaupiga kwa fimbo ya chuma hadi vidole viwili vikavunjika. Jioni Shiga mwenyewe akasema ameteleza. Wote wakaitikia, Sumiko akiwa mmoja wao.

Sasa Negishi alisimama ofisini mbele ya meza ya Sumiko, fimbo mkononi, wafanyakazi wakinywa chai, Shiga miongoni mwao.

"Mbona Shiga yuko kundi la nne? Mlete kwangu."

"Kwako nimeweka wateja, bosi."

"Mmoja ataondoka. Huyu hajafundishika bado. Au vipi, bingwa? Vidole vimebaki vingapi?"

Watu wakacheka.

"Vya kushikia usukani vipo, bosi," Shiga akajibu, akicheka nao.

"Simpangi kwako," Sumiko akasema.

"Umesemaje, mama?"

"Simpangi. Ukimtaka, panga safari mwenyewe."

Negishi akashusha fimbo; birika la udongo ndilo lililotangulia kupasuka. Pigo la pili lilikwenda kichwani kwa Shiga, Sumiko akajitupa katikati. Mfupa wa bega lake ulilia kama ukuni mkavu. Fimbo ikainuka tena. Shiga akamkumba bosi kiunoni, wakabiringika juu ya vigae, Negishi akamng'ata sikio hadi damu ikamjaa mdomoni. Wanaume watatu ndio waliowaachanisha.

Kwa mkono uliobaki mzima, Sumiko akapiga simu polisi.

"Weka chini, dada," fundi Kubota akanong'ona. "Tutasema umeteleza. Sakafu si imelowa chai?"

"Njooni upesi," Sumiko akasema kwenye simu.

Askari wawili walipoingia, Negishi alikuwa ameshanawa na kuchana nywele.

"Mama wa watu ameteleza," akasema. "Waulizeni."

Askari akawauliza. Kubota alitazama viatu vyake, na wenzake vivyo hivyo. Shiga alimtazama Sumiko, aliyekaa sakafuni rangi imemtoka, mkono ukining'inia.

"Hakuteleza. Amepigwa na huyu. Na mimi Iwate sikuteleza."

"Bingwa," Negishi akasema polepole, "unajua unalolisema?"

"Nalijua, Negishi."