Bima ya Vyumba Viwili

Upepo ulipong'oa paa la nyumba ya dada yangu kule Ikutha, sote tulijipa moyo kwamba ana bima. Kisha kampuni ikamlipa nusu tu ya gharama. Nilimsindikiza kwenda kuuliza sababu. Karani alitueleza kwa upole kwamba nyumba ilikatiwa bima ikiwa na vyumba viwili, na sasa ina vinne. Bima ilikuwa ya nusu ya thamani, kwa hivyo hasara yoyote ingelipwa nusu. Dada yangu alikunja leso yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

Nilirudi kwangu Zombe nikiwa nimeamua. Nyumba yetu nayo ilikuwa imekua: tuliongeza sebule, na ubavuni nikajenga chumba cha kushonea nguo za wateja. Nikampigia simu wakala wetu wa bima, Kitui mjini.

"Usijali, mama, bima yako inatosha," akasema.

"Nyumba yangu uliiona lini?"

Nikasikia akipekua karatasi.

"Basi njoo uione."

Mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, hakupendezwa. "Mama watoto, tulipie upepo ambao haujavuma? Mungu ndiye mlinzi wetu."

"Ndiye," nikamjibu. "Na kila jioni wewe ndiye unayefunga mlango kwa komeo."

Alicheka bila kutaka, lakini hakusema ndiyo.

Nilimsumbua wakala kwa simu mpaka akaja. Alipima kuta zote, na alipofika chumba cha kushonea akatikisa kichwa. Hapo ni pa biashara, akasema, bima ya nyumba haipahusu. Nikamwambia apandishe bima ya nyumba na aongeze ya chumba hicho na vyerehani vyake, kisha anisomee kila sentensi kabla sijatia sahihi. Nisipoelewa, nilimrudisha nyuma. Chai yake ilipoa mezani.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja na upepo mkali, mchana, nikiwa kazini. Mabati ya chumba cha kushonea yaliinuka upande mmoja, yakakunjika, yakaruka hadi shambani kwa jirani. Nilijibanza chini ya meza ya kukatia vitambaa nikiomba kwa sauti. Bima haikunipunguzia hofu hata chembe. Lakini nilipotoka, nimelowa chapachapa, sikulia. Nilipiga picha kila kitu, nikampigia wakala hata kabla ya kumpigia mume wangu.

Walilipa paa zima na vyerehani vilivyoharibika. Hawakulipa upesi. Nilienda Kitui tena na tena, nikakaa kwenye benchi lao hadi mlinzi wa mlangoni akawa ananiuliza habari za watoto.

Baadaye tulinunua tangi kubwa la maji. Kabla halijashushwa garini, nilimsikia mume wangu nyuma ya nyumba akiongea na wakala kwa simu.

"Njoo utupimie tena," alikuwa akisema. "Hapana, si wiki ijayo. Kesho."