Maji Yaliyogoma Saluni kwa Msusi

Msusi mmoja aligeuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa saluni, na mwanzoni mambo yalimnyookea. Kisha maji yakaanza kumgomea. Hayakukatika, yalitoka membamba kama uzi, tena kwa maringo, hata kusuuza kichwa kimoja kukawa kazi ya asubuhi nzima.

Jumamosi moja mwalimu wa shule ya jirani alikuwa amelaza shingo kwenye sinki, povu limemfika kwenye nyusi.

"Vumilia, Mwalimu, maji yanakuja," msusi alimwambia.

"Yanakuja kwa miguu?" mwalimu aliuliza, jicho moja amelifumba.

Siku zote msusi alikuwa akiwalaumu watu wa idara ya maji. Lakini alipochungulia dirishani, alimwona jirani akijaza ndoo kufumba na kufumbua. Kumbe maji yapo. Akauacha mpira wa kusuuzia ndani ya sinki, bomba wazi kabisa, akaenda kuchunguza. Bomba la jikoni: uzi. La bafuni: uzi. Akatoka uani, akafungua lile lililo karibu na mita. Maji yakamrukia hadi magotini.

Akatabasamu peke yake. Kama hapa yamejaa tele na ndani hayafiki, basi kuna kitu kinayabana njiani.

Akalifuata bomba kwa kidole, likitambaa ukutani usawa wa kiuno, mpaka kidole kikagota kwenye mfuko wa mkwewe. Mama huyo alikuwa akitunza humo vibanio vya nguo, miche ya sabuni na jiwe la kusugulia visigino. Msusi akausogeza. Nyuma yake palikuwa na koki kubwa ya nyumba nzima. Mkono wa koki hiyo ulipaswa kulala sambamba na bomba. Sasa ulikuwa umeinamishwa na uzito, kidogo kidogo, hadi karibu kufunga kabisa.

"Mama," aliita, "mfuko wako umeutundika wapi?"

"Kwenye msumari," mkwewe alijibu kutoka jikoni.

"Msumari wenyewe una rangi gani?"

Mama akatoka, akatazama, akaziba mdomo kwa kiganja. "Mwekundu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni msumari wa kisasa."

Msusi alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akautundua mfuko na kuunyanyua mkono wa koki mpaka ukalala sawasawa.

Ndani mwalimu akapiga yowe.

Walipofika mlangoni, mpira ulikuwa umeruka kutoka kwenye sinki na kujinyonganyonga sakafuni kama umepandwa na wazimu, ukirashia kioo, viti na dari. Mama akajaribu kuukanyaga, akaukosa. Akajaribu tena, kicheko kikamwangusha chini. Msusi akapita katikati ya mvua ile akafunga bomba.

Mwalimu alikuwa ameketi wima, gauni limemganda mwilini, kichwani hana hata chembe ya povu.

"Nimesuuzika," alisema.

Basi wakacheka wote watatu, kila mmoja akijaribu kunyamaza na mwenzake akimchekesha tena.

Mchana, mwalimu alikaa kusukwa akiwa amevaa gauni la kuazima, lake likikauka kwenye kamba. Kutoka bafuni mama alisikika akiimba chini ya bomba la mvua, wimbo wa pili sasa.

"Mama, tuachie na sisi," msusi aliita.

"Njooni kesho, mwanangu," mama alijibu, akaanza wa tatu.